Mfuko wa maji ndani ya ini: tulianzaje kuutambua?

Hebu jiweke Ufipa mwaka 1920. Chini ya mbavu zako za kulia kuna uvimbe unaokua polepole, hauumi sana. Utakwenda kwa nani? Pengine ungeteremka hadi Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwa Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea utabibu Malta, akafika huko mwaka 1889. Hospitali yenye jina lake ipo Sumbawanga mpaka leo.

Lakini hata tabibu hodari alikuwa na mikono tu. Je, ni usaha, saratani, au mfuko wa tegu wa mbwa? Tegu huyu ana urefu wa milimita chache. Mbwa humpata kwa kula ini lenye mifuko; mayai hutoka na kinyesi chake, yakamezwa na mbuzi, ng'ombe, kondoo, na wewe pia kwa bahati mbaya. Sasa ukiuchoma mfuko kwa sindano ukidhani ni usaha, maji yake yakivuja yanaweza kuleta mzio wa kuua, au kuotesha mifuko mingine tumboni. Kwa hiyo kubahatisha kulikuwa hatari kweli.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Casoni, daktari wa Italia, alidunga maji ya mfuko kwenye ngozi ya mgonjwa na kutazama kama itavimba. Kipimo hicho kilitumika miaka mingi, na kilidanganya mara nyingi.

Mabadiliko makubwa yalitokea jirani zetu Turkana, Kenya, ambako ugonjwa huu ulikithiri kuliko karibu kwingine kote duniani. Watafiti walibeba mashine ya altrasaundi hadi kwa wafugaji, na mwaka 1987 wakaeleza katika jarida la Lancet kwamba iliwashinda wapima damu: baadhi ya watu wenye mifuko damu yao haikuonyesha kitu.

Tayari mwaka 1981 Gharbi wa Tunisia alikuwa ameipanga mifuko kwa sura yake kwenye picha: maji matupu, utando uliobanduka ukaelea kama yungiyungi, vifuko vidogo ndani ya kikubwa, hadi ule uliokauka na kuwa kama chokaa. (Huo wa mwisho mara nyingi huachwa tu, ukaangaliwa. Kisu hakihitajiki.) Shirika la Afya Duniani liliuboresha mpangilio huo baadaye.

Machinjioni, mkaguzi akikuta mfuko kwenye ini, ini hilo haliendi popote. Ila mbuzi wa sikukuu anachinjwa nyumbani, na mbwa yuko pembeni anasubiri.