Ua Lisilong'aa na Watu Ambao Hawakupewa Maua Yao

Kwenye kila kazi kuna anayetoa jasho na kuna anayetokea kwenye picha. Angalia video yoyote ya muziki inayotamba. Msanii unamjua. Prodyuza labda unamjua. Ila yule dada aliyeshona zile nguo usiku kucha, na yule jamaa aliyeshikilia taa mpaka mikono ikafa ganzi, hao huwajui na hutawajua.

Sasa usidhani mambo haya yameanza na mitandao. Kuna ua moja ambalo historia yake yote iko hivyo hivyo, kuanzia jina mpaka rangi. Tulia, maana stori ni tamu.

Ua lenyewe ni lipi?

Linaitwa Astilbe. Ukiliona mara ya kwanza utadhani mtu kachukua manyoya ya mbuni, kayachovya kwenye rangi, halafu kayachomeka ardhini. Kuna meupe, ya pinki, ya zambarau na mekundu kama damu. Majani yake yamechanika chanika kama ya kangaga. Na sifa yake kubwa ni kwamba linapenda kivuli. Pale chini ya mti ambapo maua mengine yananyong'onyea, lenyewe ndio linachangamka.

Halafu si ua la msimu mmoja. Huko kwenye nchi za baridi linakauka juu kila mwaka, mtu anaweza kudhani limekufa, kumbe mizizi iko hai chini. Baridi ikipungua linaibuka tena.

Sasa cheki jina. Linatokana na Kigiriki: "a" maana yake bila, "stilbe" maana yake kung'aa. Yaani ua zuri kiasi hiki linaitwa "lisilong'aa"! Ukisogea karibu utaona kwa nini. Kila unyoya ni mkusanyiko wa vijiua vidogo mno. Kijiua kimoja peke yake hukitambui hata kidogo. Yakikaa mamia kwa pamoja ndio macho yanatoka.

Kumbuka hilo la mamia, tutalirudia.

Daktari aliyekwenda Nepal

Picha linaanzia kwenye milima ya Himalaya. Mwaka 1802 daktari mmoja Mskoti, Francis Buchanan, ambaye baadaye aliongeza jina la Hamilton, alifika Nepal na msafara wa Waingereza. Kazi ilikuwa udaktari, ila moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Mpaka anaondoka mwaka 1803 alikuwa amekusanya mimea kibao. Mmoja kati ya hiyo unaota kando ya vijito, kwenye unyevu na kivuli.

Mwaka 1825 mtaalamu mwingine, David Don, akachapisha kitabu cha mimea ya Nepal, na humo ndipo jina Astilbe likaingia rasmi kwenye maandishi.

Ila jiulize, misafara ya zama zile ilitembeaje milimani? Mizigo ilikaa mabegani mwa watu. Njia zilijulikana na waliozaliwa hapo. Wenyeji walikuwa wameliona ua hilo kando ya maji tangu enzi za mababu. Kwenye jina la mmea, lakini, utakuta Buchanan-Hamilton na Don tu. Wapagazi wao walishalipwa, wakarudi makwao, basi.

Mjapani aliyepewa, kisha akanyang'anywa

Hapa ndio utamu na uchungu vinapokutana. Japani nako kulikuwa na ndugu wa ua hili, jeupe pee. Lilipofika Ulaya, wataalamu wawili, Morren na Decaisne, walilipa jina mwaka 1834. Wakaliita Hoteia, kwa heshima ya mtaalamu wa mimea wa Kijapani waliyemtaja kama Ho-tei.

Umeona? Kwa mara ya kwanza mtu wa kutoka kule ua lilikotoka alipewa maua yake.

Haikudumu. Baadaye ilionekana kwamba Hoteia na Astilbe ni ukoo uleule mmoja. Na kwenye sheria za kutaja mimea, jina lililochapishwa kwanza ndilo linalobaki. 1825 inatangulia 1834. Astilbe ikabaki, Hoteia ikawekwa pembeni. Hakuna aliyekaa kikao kumchukia Ho-tei. Sheria ilifanya kazi yake, na aliyewahi kuchapisha akashinda. Kama umewahi kuona mtu anaposti kazi yako kabla yako halafu dunia nzima inaamini ni yake, hayo maumivu unayaelewa.

Mbaya zaidi, hata wauza maua hawakuwa makini na jina. Ua hilo la Japani liliuzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani kama zawadi ya Pasaka, na wengi waliliita "spiraea", jina la mmea mwingine kabisa.

Padri wa panda

Tuhamie China. Miaka ya 1860 kulikuwa na padri Mfaransa, Armand David. Huyu mzee alikuwa hatari kwa kukusanya viumbe. Ndiye aliyewaambia watu wa Ulaya kwamba kuna mnyama anaitwa panda. Ilikuwa mwaka 1869. Kwanza aliiona ngozi yake nyumbani kwa mwenye shamba mmoja, kisha wawindaji wa pale wakamletea mnyama mwenyewe.

Soma tena hapo: wawindaji wakamletea. Vitabu vinasema David "aligundua" panda, wakati ngozi tayari ilikuwa ndani ya nyumba ya mtu!

Basi kuna Astilbe ya China, ndefu na yenye rangi kali ya pinki inayoelekea zambarau, inayoitwa davidii kwa heshima ya padri huyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ikafika kwenye bustani za Ulaya ikiwa hai. Hii ndiyo iliyobadilisha mchezo, maana za Japani zilikuwa nyeupe. Sasa rangi zikapatikana za kuchanganya.

Mama aliyepanda ngazi

Kabla ya kwenda kwa mchanganyaji mkuu, tupite mji wa Nancy, Ufaransa. Kulikuwa na kitalu cha jamaa anaitwa Victor Lemoine, mmoja wa waliotangulia kuchanganya Astilbe. Ila kilichompa jina kubwa zaidi ni ua lingine, lilaki, lile la kichaka lenye harufu tamu.

Miaka ya 1870 na 1871 kulikuwa na vita, Wajerumani wamekalia Nancy, biashara imesimama. Lemoine akaamua kutengeneza lilaki zenye petali nyingi. Tatizo, macho yake yalikuwa mabovu, na kuchanganya maua ni kazi ya kutoa chavua kwenye ua moja na kuiweka ndani ya lingine, kwa vifaa vidogo, bila kutetemeka. Nani alifanya? Mke wake. Ndiye aliyepanda ngazi, akafungua vijiua kimoja kimoja na kuweka chavua kwa mikono yake, mji ukiwa mikononi mwa adui.

Mojawapo ya lilaki zilizotoka hapo ikaitwa 'Lemoinei'. Utasema na mama naye ni Lemoine. Sawa, ila waulize watu Lemoine ni nani uone wanamtaja yupi. Medali alipewa mzee.

Kijana wa Ronsdorf

Sasa mwamba mwenyewe wa Astilbe. Georg Arends, Mjerumani, alizaliwa mwaka 1863, na mwaka 1888, akiwa kijana wa miaka 20 na kitu, akafungua kitalu chake Ronsdorf, eneo ambalo leo ni sehemu ya mji wa Wuppertal. Alichukua damu ya Japani, akachanganya na ya China, tena na tena. Mpaka leo kundi kubwa la Astilbe za bustanini linaitwa arendsii.

Majina aliyozipa ni balaa. 'Brautschleier', maana yake shela la bibi harusi, nyeupe inayoinama. 'Diamant', almasi. Na mwaka 1933 'Fanal', maana yake moto wa ishara, nyekundu ya kuiva ambayo bado inauzwa leo. Nyingine ya pinki ikaitwa 'Queen Alexandra', malkia wa Uingereza. Malkia akapata lebo bila kushika jembe. Maisha haya!

Mwaka 1943 mabomu ya vita yakaangukia huko na kitalu kikaharibiwa. Mzee alikuwa anakaribia miaka 80. Hakukata tamaa, kazi ikaanza upya. Mwaka 1951 kikatoka kitabu cha maisha yake, mwaka 1952 akafariki. Kitalu kikaendelea baada yake, kikafika mpaka mikononi mwa kizazi cha nne.

Arends anastahili sifa zake, tuwe wakweli. Ila kitalu si kazi ya mtu mmoja. Kuna waliochimba, waliomwagilia, waliofungasha, na waliookota kilichobaki baada ya mabomu. Hao hawakuandika vitabu.

Kabla hujawacheka, njoo Tanga

Mwaka 1892, enzi za ukoloni wa Mjerumani, afisa mmoja aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao ua dogo la zambarau kutoka milima ya Usambara. Nalo ni la kivuli, linaota kwenye miamba ya msituni. Mwaka uliofuata likapewa jina Saintpaulia, jina la familia yake. Leo linakaa madirishani dunia nzima. Wasambaa waliokuwa wanapishana nalo njiani kila siku? Hakuna jina hata moja.

Ila sheria ile ile iliyompiga Ho-tei ikarudi. Mwaka 2015 wataalamu walichunguza vinasaba wakakuta Saintpaulia ni sehemu ya ukoo wa Streptocarpus, jina lililotangulia kuchapishwa. Baron naye akashushwa. Wajerumani wa kawaida, kwa upande wao, wanaliita urujuani wa Usambara. Mlima umedumu kuliko bwana mkubwa.

Sasa ukitaka kulipanda

Kwa mdau wa Dar au Mombasa, ukweli ni huu: Astilbe inahitaji kipindi cha baridi ipumzike, kwa hiyo joto letu itakukatisha tamaa. Chukua hilo la Usambara. Ila kama uko Ulaya au Marekani ya baridi, masharti yake ni yale yale ya kijitoni Nepal.

Kivuli, ila si giza. Jua la asubuhi au linalochujwa na majani ya mti linatosha. Giza totoro litakupa majani bila maua. Udongo uwe na mboji ya kutosha na usikauke. Hapo hakuna mjadala. Likikosa maji, majani yanakauka kingo yanakuwa ya kahawia, na msimu huo umeisha. Tandaza majani makavu au mboji juu ya udongo ili unyevu ukae.

La mwisho ndio kubwa. Kila baada ya miaka mitatu au minne lichimbue, likate vipande kwa chepe, kila kipande kiwe na mizizi na macho ya kuchipua, kisha panda upya. Usipofanya hivyo linajibana na maua yanapungua.

Na hapa ndio tunarudi kwenye yale mamia. Mbegu ya 'Fanal' haitoi 'Fanal', inatoa kitu kingine. Njia ya kuipata ile ile ni kukata kipande cha ile iliyopo, na siku hizi maabara nazo zinasaidia kwa kukuza vipande vidogo. Maana yake kila 'Fanal' iliyopo duniani leo ni kipande cha mmea mmoja wa Ronsdorf. Umepita vita, umevuka bahari, kwa sababu kila baada ya miaka michache kuna mtu sehemu fulani alipiga magoti kwenye kivuli na chepe, akaukata, akaugawa, labda akampa jirani kipande.

Lebo imebeba jina la Arends. Ua lenyewe limebebwa na hao wengine, na hakuna orodha yao popote.

Haya mdau, nani kwenye maisha yako kafanya kazi kubwa na hakuna aliyemtaja? Mama, fundi, dada wa kazi, rafiki aliyekuandikia barua ya kuombea kazi? Mtaje hapo chini, kwa jina. Leo apewe maua yake.