Wanakompyuta wa Ridhaa: Historia Fupi ya Mfumo Endeshi, Ujumbe na Siri, na Funzo Lake kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Katika idara zetu za Kiswahili, kompyuta hujadiliwa zaidi kama suala la istilahi. Tumekwisha kubishana vya kutosha kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na wazungumzaji wakaamua wenyewe bila kutungoja. Katika makala haya tunakusudia kulitazama suala hili kwa upande mwingine, yaani upande wa historia. Tutawaangalia watu ambao hapa tutawaita wanakompyuta wa ridhaa, kwa maana ile ile tunayoipata katika ndondi za ridhaa: watu waliofanya kazi kwa mapenzi yao, kwa muda wao wenyewe, bila kuagizwa na mwajiri.

Watu hawa walikuwa na maoni makali juu ya mambo matatu: mfumo endeshi, ujumbe na usalama. Hawakukubaliana katika kila jambo, lakini wengi wao walishikilia rai moja, kwamba chombo ambacho mtumiaji hawezi kukifungua na kukikagua hakistahili kuaminiwa. Wahenga wetu walikwisha kusema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hoja yetu ni kwamba historia imewapa watu hawa haki kwa nusu tu. Mlango ulifunguliwa, lakini mlango uliofunguliwa hauna faida kama hakuna anayeingia na kusoma kilichomo ndani. Hapo ndipo mwalimu wa lugha anapohusika.

Ridhaa na Biashara

Tarehe 5 Machi 1975 wapenzi wachache wa kompyuta walikutana katika gereji moja mjini Menlo Park, California, wakaanzisha klabu yao, Homebrew Computer Club. Kilichowakutanisha ni Altair 8800, kompyuta ndogo ambayo mtu aliweza kuinunua na kuiunganisha nyumbani. Desturi yao ilikuwa kubadilishana maarifa na programu kama majirani wanavyoazimana kinu na mchi.

Desturi hiyo haikumfurahisha kila mtu. Mwezi Februari 1976, Bill Gates, kijana wa miaka 20 ambaye kampuni yake ilikuwa imetengeneza lugha ya BASIC kwa ajili ya Altair, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi hao. Aliwalaumu kwamba walikuwa wakinakili programu yake bila kulipa, akauliza ni nani atakayeifanya kazi ya kitaalamu bure.

Swali hilo lilikuwa la haki, nalo lilijibiwa kwa vitendo. Tarehe 27 Septemba 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kuandika mfumo mzima ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1989 ilitolewa leseni ya GPL, inayomtaka anayegawa programu ya aina hiyo awape wengine uhuru ule ule aliopewa yeye. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980 kambi mbili zilikuwa zimejitenga, moja ikiiona programu kuwa bidhaa, na nyingine ikiiona kuwa maarifa.

Mfumo Endeshi: Kazi ya Mwanafunzi wa Helsinki

Mfumo endeshi ni programu inayozisimamia programu nyingine. Ndio unaoamua nani atumie kumbukumbu, nani asome faili, nani asubiri. Tunaweza kuulinganisha na msimamizi wa ghala: hakuna kinachoingia wala kutoka bila yeye kujua. Kwa sababu hiyo, msimamizi asiyeaminika hulifanya ghala zima lisiaminike.

Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitangaza kwamba alikuwa akiandika mfumo endeshi. Alisisitiza kuwa ilikuwa kazi ya kujifurahisha tu, wala haingekuwa kubwa kama GNU. Mfumo huo ndio ulioitwa Linux.

Mwezi Januari 1992, Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, mwandishi wa mfumo wa kufundishia ulioitwa Minix, alidai kwamba muundo wa Linux ulikuwa umepitwa na wakati. Alitaka kiini cha mfumo kiwe kidogo, na kazi nyingine zigawanywe katika sehemu zinazojitegemea, ili sehemu moja ikiharibika isiuangushe mfumo wote. Torvalds alijibu kwa ukali wa ujana. Kitaaluma, hoja ya profesa ilikuwa na uzito na bado ina watetezi. Hata hivyo, Minix ilikuwa chini ya masharti ya mchapishaji wa vitabu, ilhali Linux iliwekwa chini ya leseni ya GPL mwaka huo huo wa 1992, na watu wa nchi mbalimbali wakaanza kuirekebisha. Ubora wa muundo haukuamua mambo peke yake. Ruhusa ya kushiriki nayo iliamua.

Matokeo yake tunayashika mikononi. Simu za Android, zilizoanza kuuzwa mwaka 2008, zinatumia kiini cha Linux. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizoorodheshwa kuwa na kasi kubwa kuliko zote duniani zinaendeshwa kwa Linux.

Ujumbe: Ushindi na Kushindwa

Finland hiyo hiyo ilitoa mchango katika mawasiliano. Agosti 1988 Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu aliandika IRC, programu iliyowawezesha watu wengi kuandikiana papo kwa papo katika vikundi. Wakati wa jaribio la mapinduzi mjini Moscow, Agosti 1991, IRC ilikuwa mojawapo ya njia zilizopitisha habari.

Mwaka 1999 Jeremie Miller, Mmarekani, alitangaza Jabber. Rai iliyobebwa na mradi huo ilikuwa kwamba ujumbe wa papo kwa papo uwe kama barua pepe, yaani mtu wa kampuni hii aweze kumwandikia mtu wa kampuni ile bila kulazimika kuhamia kwake. Rai hiyo haikushinda. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009 na kununuliwa na Facebook mwaka 2014, ilikua kwa kuwakusanya watu wote ndani ya ua mmoja.

Lakini katika jambo la usiri, upande wa ridhaa ulipata ushindi ambao wachache waliutazamia. Aprili 2016 WhatsApp ilikamilisha kazi ya kuufumba ujumbe kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, ikitumia utaratibu wa Signal ulioandikwa na kikundi kidogo na kuwekwa wazi ukaguliwe. Programu ya WhatsApp yenyewe haikuwekwa wazi namna hiyo, ila njia inayoitumia kuficha maneno inafahamika kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Siri Isiyotegemea Kuficha Mbinu

Msomaji anaweza kuuliza: siri itakuwaje siri ikiwa mbinu yake inajulikana? Tuchukue mfano wa kinyume, mchezo wa lugha unaojulikana sana katika Uswahili, ambapo silabi ya mwisho hutangulizwa. Kesho huwa shoke, na pesa huwa sape. Kinyume huwafaa watoto mpaka siku mkubwa mmoja atakapoigundua kanuni. Siku hiyo siri zote huanguka kwa pamoja, za jana na za leo, kwa sababu siri ilikuwa katika mbinu yenyewe.

Mtu aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha ni mwalimu wa lugha. Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa akifundisha Kijerumani mjini Paris, na baadaye alikuwa kiongozi wa harakati za Volapük, lugha ya kubuniwa. Mwaka 1883 alichapisha makala kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi, akashauri kwamba mbinu isihitaji kufichwa. Hata ikiangukia mikononi mwa adui isilete madhara, mradi ufunguo umebaki salama. Kanuni hiyo ndiyo iliyowapa wanakompyuta wa ridhaa msingi wa madai yao ya uwazi.

Hatua kubwa iliyofuata ilipigwa mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipoonyesha kwamba watu wasiowahi kukutana wanaweza kuandikiana kwa siri. Mwezi Juni 1991 Phil Zimmermann, mtaalamu wa programu na mpinzani wa silaha za nyuklia, aliandika na kuigawa bure PGP, iliyompa mtu wa kawaida uwezo huo katika barua pepe. Sheria za Marekani wakati huo ziliuhesabu ufichaji imara kama zana za kivita, na mwaka 1993 alianza kuchunguzwa kwa tuhuma za kuisafirisha programu hiyo nje ya nchi. Mwaka 1995 msimbo wake wote ulichapishwa kama kitabu na MIT Press, kwa kuwa kitabu hakikuzuiwa kuvuka mpaka. Uchunguzi ulifungwa Januari 1996 bila mashtaka.

Tatizo la Neno Ufunguo

PGP ilikuwa imara na msimbo wake ulikuwa wazi, lakini je, watu waliweza kuitumia? Mwaka 1999 watafiti Alma Whitten na J. D. Tygar walichapisha matokeo ya jaribio ambapo watu 12 walipewa dakika 90 watume ujumbe uliofichwa. Wengi walishindwa, na wapo waliotuma siri yenyewe waziwazi bila kukusudia. Hesabu za programu hazikuwa na kasoro. Kikwazo kilikuwa katika maelezo, picha na maneno ya kwenye kioo cha kompyuta.

Tulitazame neno moja tu. Katika mpango huu kila mtu ana vitu viwili. Cha kwanza hugawiwa watu wote, na kilichofungwa nacho hakifunguki isipokuwa kwa cha pili, ambacho mwenyewe hukificha. Kiingereza huviita vyote viwili funguo, na baadhi ya tafsiri zetu zimefuata nyayo hizo kwa kusema ufunguo wa umma na ufunguo wa faragha. Mwanafunzi akisikia kwamba ufunguo wake unagawiwa umma, hushtuka, na ana sababu ya kushtuka. Katika Kiswahili ufunguo ni wa kufungulia, na kitu cha kumgawia kila mtu ili afunge ni kufuli. Tukisema kwamba kila mtu hugawa makufuli yake na kubaki na ufunguo, mtoto wa darasa la sita ataelewa. Mfano huu nao una mipaka. Katika sahihi za kompyuta, kwa mfano, muhuri ungefaa zaidi kuliko kufuli. Lakini hiyo ndiyo kazi yetu hasa, yaani kupima ni taswira ipi inabeba maana na ni ipi inapotosha.

Macho Mengi, Wasomaji Wachache

Wapenzi wa programu huria walizoea kusema kwamba penye macho mengi kosa halijifichi. Historia imeitia dosari kauli hiyo. Aprili 2014 lilitangazwa kosa la Heartbleed katika OpenSSL, programu ya wazi iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti duniani. Lilikuwa limekaa humo kwa takriban miaka 2. Msimbo ulikuwa wazi kwa wote, ila waliokuwa wakiusoma ni wachache mno.

Machi 2024 yalitokea makubwa zaidi. Mtu asiyejulikana, aliyejipatia imani ya mtunzaji wa programu ya xz kwa zaidi ya miaka 2, aliingiza humo mlango wa siri. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Aliweza kuufuata mpaka mwisho kwa sababu programu ilikuwa wazi. Kampuni iliyoasisiwa na mwandishi wa barua ya 1976 ikawa imemwajiri mtu aliyewaokoa wa ridhaa.

Kiswahili Kiliingiaje?

Uwazi huo ndio uliokifungulia Kiswahili mlango. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Sweden, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba ruhusa ya kampuni yoyote, kwa kuwa leseni ilikwisha kuwapa. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza mpango wake wa Kiswahili.

Hata hivyo, kuwapo kwa tafsiri si sawa na kueleweka. Hapa Uganda, tangu Julai 2018 hadi kodi hiyo ilipobadilishwa mwaka 2021, mtumiaji wa mitandao ya kijamii alitozwa shilingi 200 kwa siku. Watu wengi walikimbilia VPN ili kuikwepa. Neno hilo lilienea sokoni na vyuoni, lakini maana yake haikuenea pamoja nalo. Anayetumia VPN haondoi msimamizi wa njia, bali humbadilisha. Aliyekuwa akipitia kwa kampuni ya simu sasa anapitia kwa mtu mwingine ambaye pengine hamjui kabisa. Asiyeelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa atabonyeza kukubali, na usalama wake utakuwa umekwisha hapo.

Hitimisho

Tumeona kwamba wanakompyuta wa ridhaa walishinda katika mfumo endeshi, walishindwa katika uhuru wa kuvuka kutoka ua mmoja wa ujumbe hadi mwingine, na walifanikiwa kuifanya siri kuwa haki ya mtu wa kawaida. Aidha, tumeona kwamba walipokwama, mara nyingi walikwama mahali ambapo palihitajika msomaji makini au neno linalofaa.

Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi hao watafika darasani wakiwa na simu mfukoni. Tunapendekeza kwamba kozi zetu za tafsiri na istilahi zichukue maonyo ya usalama ya simu hizo kama matini ya mazoezi. Wanafunzi wayatafsiri, kisha wayapeleke kwa muuza duka au dereva wa bodaboda, wamwombe aeleze kwa maneno yake alivyoyaelewa. Tafsiri ambayo yeye hakuielewa irudishwe darasani ifanyiwe kazi upya.