Fahamu michoro ya Kolo, urithi wa dunia unaopitwa na mabasi ya Dodoma–Babati

Ukisafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Arusha, kuna kijiji ambacho abiria wengi wanakipita wakiwa bize na simu. Kinaitwa Kolo, karibu kilomita 25 kaskazini mwa mji wa Kondoa. Kando ya barabara ipo ofisi ya mambo ya kale, na kwenye milima ya jirani kuna michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tanzania nzima ina maeneo saba tu yenye hadhi hiyo, yakiwemo Serengeti na Kilimanjaro.

Watu huyaita mapango, lakini usitegemee handaki la giza. Mengi ni majabali yaliyoinama mfano wa baraza, yakaukinga ukuta wa jiwe usipigwe na mvua na jua. Yapo zaidi ya 150, yametawanyika kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336.

Nani aliichora?

Michoro iko ya aina mbili kubwa. Ile myekundu inaonyesha twiga, pofu, tembo na watu warefu wembamba wenye vichwa vilivyopambwa. Watafiti wanaihusisha na jamii za wawindaji na waokota matunda, na wengi wao wanaona uhusiano na mababu wa Wasandawe, ambao mpaka leo wanaishi mkoa huohuo wa Dodoma. Ile myeupe ni ya baadaye, imechorwa kwa mistari minene, na inahusishwa na wakulima wa Kibantu.

UNESCO inasema miamba hii imechorwa kwa angalau miaka 2,000. Ila watu walikuwepo zamani zaidi ya hapo. Kwenye mwamba wa Kisese, wilaya hiyohiyo ya Kondoa, wanaakiolojia wamechimbua shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000.

Barabara imepita hapa siku nyingi

Karne ya 19 Kondoa ilikuwa kituo cha misafara ya biashara kati ya pwani na bara. Wakaja Wajerumani, kisha mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakauteka mji. Baadaye ikapita Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ya ndoto ya kuunganisha Cape Town na Cairo. Kwa miaka mingi kipande cha Dodoma hadi Babati kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, mpaka lami ilipozinduliwa mwaka 2018.

Lami ni neema, hakuna anayebisha. Lakini kwa michoro imekuja na mambo mawili kwa pamoja: mgeni anafika kirahisi, na mgeni huyohuyo anapita kwa kasi bila kujua alichokipita.

Nani anailinda?

Mary Leakey alinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, na kazi hiyo ikatoka kama kitabu mwaka 1983. Baadhi ya miamba iliwahi kuzungushiwa uzio wa waya ili watu wasiiguse. Uzio mwingi haukudumu. Waya na nguzo ni vitu vyenye kazi nyumbani, na aliyeweka uzio hakumwachia mwanakijiji sababu ya kuulinda.

Wapo pia wachimbaji wa hazina. Kuna imani ya muda mrefu kwamba Wajerumani walifukia mali zao kwenye miamba hii walipokuwa wanakimbia vita, na mashimo yamechimbwa hadi Mongomi wa Kolo, eneo maarufu kuliko yote. Kinachopotea ni udongo wenyewe. Tabaka zake ndizo zinazomwambia mtafiti kipi kilitangulia na kipi kilifuata, na zikishavurugwa hazirudishiki. Kuchimba bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Ngumu zaidi ni suala la matambiko. Mongomi wa Kolo ni mahali pa ibada za jadi, watu huenda kuomba mvua na uponyaji. Pombe ya kienyeji ikirushwa kwenye mwamba, rangi inaumia. Lakini mila hizo hai ni sehemu ya sababu UNESCO iliipa Kondoa hadhi yake, na heshima ya wenyeji imelinda miamba hii muda mrefu kabla ya kuwepo ofisi yoyote ya serikali. Kuwafungia wazee geti kutafanya tambiko lifanyike usiku, basi. Kukaa nao mkubaliane pombe imwagwe chini, mbali na ukuta wenye michoro, kunaelekea kuzaa matunda zaidi.

Na wageni nao wana lao. Zamani ilikuwa kawaida kuimwagia michoro maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Maji huvuta chumvi kutoka ndani ya jiwe, chumvi inaacha utando mweupe, na mchoro unafifia zaidi.

Ukitaka kwenda

Shuka Kolo, anzia ofisi ya mambo ya kale, lipa kiingilio na uchukue mwongoza watalii. Usishike ukuta wala kuandika jina lako. Ukiona kigae au shanga chini, piga picha, kiache palepale na umwambie mwongozaji. Kufika Mongomi kunahitaji usafiri kutoka barabarani, na mwishoni kuna kupanda mawe kwa miguu, kwa hiyo kandambili zibaki kwenye begi.