Noah ya zamani inasumbua kubadilisha gia? Angalia haya kabla hujanunua gia boksi nyingine

Leo tuongee gia boksi za automatiki. Mimi sio fundi wa kusomea, nilimaliza form four nikawa nashinda gereji, ila hili limetugusa nyumbani.

Mjomba ana Toyota Noah, zile za mwanzo za 1996 mpaka 2001, injini 3S ya cc 2000. Inabeba abiria Arusha kwenda Usa River na ndiyo inayolipa ada za wadogo zangu. Siku moja ikaanza vituko. Unaweka D, inakaa kama sekunde tatu ndipo inashika. Ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inapiga resi lakini mwendo hauongezeki. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti, akasema gia boksi imekufa, tafuta used. Mjomba akaanza kuongelea kuuza ng'ombe.

Kabla hujafika huko, fuata mpangilio huu. Anza na vya bei rahisi.

1. KIASI CHA OILI. Endesha gari mpaka lipate moto, paki sehemu tambarare, vuta handbreki. Injini ikiwa inaunguruma na mguu uko kwenye breki, pitisha gia taratibu kutoka P mpaka L kisha rudisha P. Ndipo uchomoe dipstiki ya gia boksi (sio ya injini!), ifute, uirudishe, uchomoe tena. Soma alama za HOT. Oili ikipungua pampu inavuta hewa, presha inashuka, klachi za ndani zinateleza. Ikizidi nayo inatoa povu na dalili zinafanana.

2. RANGI NA HARUFU. Nyekundu safi ni nzuri. Kahawia nzito yenye harufu ya kuungua, ujue klachi zinaungua. Ikiwa kama maziwa ya pinki, maji yameingia, mara nyingi kupitia kipoza oili kilicho ndani ya rejeta. Hapo usiendeshe tena.

3. AINA YA OILI. Fuata kitabu cha gari au maandishi ya kwenye dipstiki. Jamani, Noah zilizofuata, hasa za kuanzia 2004 zenye CVT, zina oili yake maalum. Ukiweka ATF ya kawaida unaua mwenyewe.

4. KEBO YA MAFUTA. Gia boksi nyingi za zamani zina kebo inayotoka sehemu ya mafuta ya injini kwenda kwenye gia boksi. Ikilegea, gia zinaingia mapema na zinateleza. Ikikaza sana, zinachelewa na zinaingia kwa kishindo. Kuirekebisha ni kazi ya spana tu.

5. KITUFE CHA O/D. Taa ya O/D OFF ikiwaka, gia ya nne haiingii kabisa. Wengine wamelia gia boksi mbovu kumbe mtoto kabonyeza kitufe. Pia injini ikiwa ya baridi gia ya nne inaweza kugoma, ni kawaida. Kwa gia boksi za umeme, taa hiyo ikipepesa yenyewe ujue kuna kodi ya tatizo. Isomwe kwanza kabla ya kufungua kitu.

6. WANAOSINGIZIA GIA BOKSI. Maunting zilizokatika na jointi za propela zilizolegea zinagonga ukiweka D au rivasi. Resi ikiwa juu gari likiwa limesimama, gia inaingia kwa kishindo. Plagi mbovu zinafanya gari lirukeruke ukadhani ni gia.

Yetu ilikuwa namba moja. Bomba la oili linaloenda kwenye rejeta lilisuguliwa na chuma likawa linavuja, na doa lilikuwepo pale tunapopaki kila siku. Tukabadilisha bomba na chujio, tukajaza oili sahihi. D ikawa inashika papo hapo.

Ila nisiwadanganye. Mjomba aliendesha wiki mbili oili ikiwa chini. Mpaka leo ikijaa abiria ikipanda mlima, gia ya pili kwenda ya tatu bado inateleza kidogo. Zile wiki mbili hazirudi. Ukiona dalili, simamisha gari siku hiyo hiyo.

Na kama oili ni sahihi, kebo iko sawa, lakini D au rivasi haishiki kabisa na kwenye sampu kuna vipande vya chuma, basi hapo kweli imekufa. Ukienda kununua used, soma mstari wa TRANS/AXLE kwenye kibati cha gari, gia boksi unayopewa ilingane nao.

Fundi akikwambia imekufa, muulize swali moja tu: umeangalia oili? Ng'ombe wa mjomba bado wapo zizini.