Nani huhesabiwa veterani wa jeshi nchini Marekani?

Wengi hudhani kwamba kila aliyewahi kuvaa sare za jeshi la Marekani ni veterani mwenye haki ya kutibiwa, kusomeshwa na kulipwa na serikali. Sivyo. Sheria hutazama aina ya utumishi, muda wake na namna mhusika alivyoondoka jeshini. Suala hili linawagusa hata Wakenya, kwa kuwa wageni wenye kibali cha ukaazi wa kudumu huruhusiwa kujiunga na jeshi hilo.

Kwa mujibu wa sheria ya shirikisho, veterani ni mtu aliyekuwa katika utumishi kamili wa jeshi, na ambaye hakuachishwa kazi kwa kuvunjiwa heshima. Si lazima awe amepigana vitani.

Aliyejiunga baada ya Septemba 7, 1980, aghalabu hutakiwa awe ametumikia miezi 24 mfululizo, au kipindi chote alichoitiwa, ndipo apate manufaa. Aliyeachishwa kwa sababu ya ulemavu alioupata kazini hafungwi na sharti hilo.

Kwa askari wa akiba, mazoezi pekee hayatoshi, isipokuwa kwa aliyelemaa kutokana na jeraha la mazoezini. Sheria ya mwaka 2016 iliwapa jina la veterani waliotumikia akiba kwa miaka 20, lakini haikuwaongezea manufaa yoyote.

Ushahidi mkuu ni cheti cha kuachishwa kazi, maarufu kama fomu DD 214. Mwenye cheti cha heshima kamili hufungukiwa milango yote. Cheti cha ngazi ya pili humpa matibabu na malipo ya ulemavu, ila humnyima ufadhili wa masomo. Wa ngazi inayofuata husubiri uamuzi wa Wizara ya Maveterani, ambayo huchunguza kila kesi peke yake. Asiyeridhika na cheti chake anaweza kuomba kibadilishwe, na bodi za jeshi za kupitia vyeti hupokea maombi hayo katika muda wa miaka 15.

Historia inaonyesha uzito wa tafsiri hii. Wanawake zaidi ya 1,000 waliorusha ndege za jeshi hilo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walihesabiwa raia wa kawaida. Wenzao 38 walipofariki kazini, serikali haikugharimia mazishi yao. Walitambuliwa mwaka 1977.

Nao Wafilipino, ambao Rais Franklin Roosevelt aliwaita kutumikia chini ya Marekani mwaka 1941, walipokonywa manufaa kwa sheria ya mwaka 1946. Mnamo 2009 ndipo Marekani iliporidhia kuwalipa mara moja tu: dola 15,000 kwa waliokuwa raia wake na dola 9,000 kwa wasio raia. Kufikia hapo, wengi wao walikuwa wamekwishafariki.