Mnyororo wa Udongo: Majina ya Ardhi kutoka Usukuma hadi Nkombo

Kisiwa cha Nkombo kimo katika Ziwa Kivu, kusini-magharibi mwa Rwanda, katika wilaya ya Rusizi, sehemu iliyojulikana kwa jina la Cyangugu kabla ya mipaka ya utawala kupangwa upya mwaka 2006. Wakazi wake ni wavuvi na wakulima. Lugha yao ya nyumbani ni Amahavu, iliyo jirani sana na usemi wa Wahavu wa kisiwa cha Ijwi upande wa Kongo. Kinyarwanda ni lugha ya serikali, na Kiswahili hukutana nacho katika biashara za Kamembe na Bukavu. Mahali kama hapo mwalimu wa lugha hana budi kujiuliza swali ambalo kwa kawaida tumewaachia mabwana shamba: udongo mmoja ukiwa na majina katika lugha tatu au nne, huandikwa vitabuni kwa jina lipi, na jina hilo hutolewa na nani?

Swali hili si la maneno matupu. Jina la udongo huamua zao litakalopandwa, na pengine huamua ni nani mwenye haki ya kulima. Katika makala haya tutafuata udongo wa namna moja tu, yaani udongo tifutifu wa chini ya mteremko unaotuamisha maji. Tutaeleza tabia zake, kisha tutazame jinsi wataalamu walivyoupanga katika makundi, na sehemu waliyokuwa nayo wakulima katika kazi hiyo.

Tabia za udongo huo

Udongo wo wote wa shamba una chembe za namna tatu: mchanga, ambao vidole huusikia ukikwaruza, tope laini, lililo kama unga, na mfinyanzi, unaonata. Udongo tifutifu ni mchanganyiko wa hizo tatu ambao ndani yake hapana moja inayozitawala nyingine. Kwa kipimo cha Wamarekani kinachotumiwa katika nchi nyingi, tifutifu halisi huwa na mfinyanzi kati ya asilimia 7 na 27, tope laini kati ya asilimia 28 na 50, na mchanga usiozidi asilimia 52. Mkulima haihitaji maabara kwa jambo hili. Huulowesha udongo kiganjani, akaukanda, akajaribu kuufanya utepe baina ya kidole gumba na cha shahada. Wa mchanga haushikani. Wa mfinyanzi hutoa utepe mrefu. Tifutifu hutoa utepe mfupi unaokatika upesi.

Vitabu vya shule husifu tifutifu kuwa ndio udongo bora wa kilimo. Sifa hiyo ni kweli, ila ina sharti moja: maji yapate njia ya kutoka. Mahali mteremko unapokoma, au mahali palipo na tabaka gumu chini, maji ya mvua hukaa. Vitundu vidogo vya udongo hujaa maji, na hewa hutoka. Vijidudu vya udongoni visivyoonekana kwa macho, vikikosa oksijeni, hugeukia chuma kilichomo katika udongo. Chuma hicho, ambacho ndicho kinachoupa udongo wekundu wake, hubadilika, huyeyuka, na kuhama pamoja na maji. Udongo hubaki wa kijivu, na pengine huwa na rangi ya kijani au ya buluu. Panapopita mizizi hewa kidogo huingia, na kutu hurudi kwa madoa mekundu na ya manjano.

Kwa hiyo mtu anayechimba shimo wakati wa kiangazi, akakuta udongo mkavu kabisa lakini wa kijivu wenye madoa ya kutu, hujua kwamba masika maji husimama pale. Akipanda maharage majani yatakuwa manjano na mizizi itaoza, hata kama udongo una rutuba. Akipanda mpunga atavuna, kwa sababu bua la mpunga lina njia za kupitishia hewa hadi mizizini. Na akitaka viazi vitamu hana budi kuinua matuta makubwa na kuchimba mifereji baina yake, kama wafanyavyo wakulima wa mabonde ya Rwanda. Udongo huu si mbaya. Wataka kujulikana tu.

Maneno ya wakulima yaingiapo vitabuni

Elimu ya udongo ya zama hizi ilianza Urusi. Mwaka 1883 Vasily Dokuchaev alitoa kitabu chake juu ya chernozem, yaani udongo mweusi wa nyika za kwao. Hakulibuni neno hilo. Lilikuwa neno la watu. Neno podzol, la udongo wenye tabaka jeupe kama majivu, lilitoka pia vinywani mwa wakulima. Na mwaka 1905 Georgy Vysotsky aliandika juu ya udongo wa kijivu uliolowa maji akautaja kwa neno la wenyeji, glei. Leo mwanafunzi wa kilimo, awe Japani au Brazili, hutumia maneno haya ya mashambani mwa Urusi bila kujua kwamba yalikuwa ya mashambani.

Nasi Afrika ya Mashariki tuna habari ya namna hiyo, ingawa haisimuliwi sana madarasani. Kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikawa kituo cha utafiti wa kilimo chini ya Waingereza. Mwaka 1928 alifika hapo mkemia wa udongo, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani mpaka kifo chake mwaka 1942. Pamoja na wenzake wa Kenya, Uganda na Unguja alitakiwa kutengeneza ramani ya udongo wa nchi zote hizo.

Mara moja walikutana na shida. Katika nchi hizi udongo hubadilika kila baada ya hatua mia chache. Juu ya kilima ni mwekundu, katikati ni wa kichanga, chini ni wa kijivu au mweusi. Na ukivuka bonde, mpango ule ule huanza tena kinyumenyume. Ramani ndogo haiwezi kuonyesha kila kipande. Milne aliona kwamba mabadiliko hayo yana utaratibu, na kwamba kipimo kinachofaa ni mteremko mzima. Alikiita kipimo hicho katena, kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, kwa kuwa kila udongo umeshikana na ule ulio juu yake na ule ulio chini yake. Maji na chembe zinazoondoka kileleni ndizo zinazoujenga udongo wa bondeni. Wazo hilo alilitangaza mwaka 1935, na ramani ikatoka mwaka 1936. Tangu hapo katena imekuwa mojawapo ya mawazo ya msingi ya elimu ya udongo popote duniani.

Mnyororo wenyewe Wasukuma walikuwa wakiutembea kwa miguu, na viungo vyake walikuwa navyo kwa majina. Udongo mwepesi wa kichanga ulio juu ya mteremko huuita luseni. Chini yake huja itogolo, wa kijivu, wenye tabaka gumu linalozuia maji. Ibushi ni udongo wenye chokaa. Na chini kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mabwana shamba wa kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, waliyachukua majina haya wakayaandika katika taarifa zao, maana hawakupata mengine yaliyo sahihi zaidi. Hivyo ndivyo neno mbuga lilivyoingia katika maandishi ya kitaalamu, likiwa na maana ya udongo na bonde. Vijana wetu leo hulijua kwa maana ya hifadhi ya wanyama tu. Itogolo ndio jamaa wa karibu wa udongo tunaousimulia: maji ya mvua hutuama juu ya tabaka lake gumu, na wakulima wameyageuza kuwa faida kwa kujenga majaluba, yaani vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo.

Gharama ya kutouliza

Yapo mambo yanayoonyesha hasara ya kuupita udongo bila kuuliza. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe kutazama uwezekano wa kulima karanga Tanganyika kwa matrekta. Ujumbe ulizunguka nchi kwa wiki chache, na sehemu kubwa ya safari ilikuwa kwa ndege. Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Wakati wa mvua udongo ulilimika. Mvua zilipokoma uligeuka mgumu kama saruji, majembe ya matrekta yakalika, na karanga zikashindwa kung'olewa. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na mamilioni ya paundi yalikuwa yamepotea. Ukame na uchakavu wa mitambo ulikuwa na sehemu yake, lakini ugumu wa udongo ule wa kiangazi haukuwa siri kwa mkulima wa Kigogo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waliokuwa angani hawakuinama.

Mpango wa makundi katika Rwanda

Rwanda, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, ilifuata njia nyingine. Utafiti wake wa kilimo uliunganishwa na ule wa Kongo katika taasisi ya INEAC, iliyoundwa mwaka 1933 na kuwa na makao yake Yangambi. Baada ya uhuru wa 1962, na kuanzia mwaka 1981, kazi kubwa ya ramani ya udongo wa nchi nzima ilifanywa kwa msaada wa Ubelgiji, kwa kipimo cha 1:50,000, na makundi yake yakapangwa kwa kufuata mpango wa Kimarekani wa mwaka 1975. Katika mpango huo, udongo uliolowa maji hutambulika kwa kiungo cha Kilatini chenye maana ya maji kilichopachikwa ndani ya jina lake.

Mpango wa kimataifa wa FAO, uliotolewa mwaka 1974, uliweka udongo wa namna hii katika kundi la Gleisoli, lile lile neno la mkulima wa Urusi likiwa limevaa mkia wa Kilatini. Baadaye wataalamu walitenga mambo mawili. Kuna maji yanayopanda kutoka chini, na hayo ndiyo yanayofanya Gleisoli. Na kuna maji ya mvua yanayozuiliwa juu ya tabaka lisilopenyeka. Udongo wa namna hiyo ulipata kundi lake, Stagnosoli, katika toleo la mwaka 2006. Tofauti hii ina faida shambani. Maji ya chini hupunguzwa kwa mifereji mirefu ya bonde zima, kazi ya watu wengi pamoja. Maji ya juu mkulima mmoja aweza kuyapunguza kwa matuta yake.

Mkulima wa Rwanda naye ana mpango wake. Husema urusenyi kwa udongo wa changarawe, ibumba kwa mfinyanzi, nyiramugengeri kwa udongo mweusi wa majani yaliyooza majini. Akabande ni kibonde kilicho chini ya kilima, na igishanga ni bwawa lenyewe la matope. Hapa ndipo jina linapokuwa na uzito wa sheria. Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 ilitamka kwamba ibishanga ni mali ya dola, ilhali shamba la mteremkoni huandikishwa kwa jina la mwenyewe. Sasa tifutifu ya kijivu iliyo ukingoni, inayolowa miezi michache na kukauka miezi mingine, ni shamba au ni igishanga? Anayelima viazi pale chini ana sababu ya kutaka jibu lenye kueleweka, kwa lugha anayoisikia.

Kazi iliyo mbele ya mwalimu

Turudi Nkombo. Juu ya mteremko wa kisiwa mkulima huona udongo wa namna moja, na akikaribia maji huona wa namna nyingine. Mnyororo wa Milne haukatizwi na ziwa. Mkulima huyo anao usemi wake wa kuutofautisha udongo huo, na usemi huo ni wa Amahavu, lugha ambayo haina vitabu vingi. Mtoto anaondoka nyumbani na neno la mama yake, anafika shuleni anafundishwa kwa Kiingereza, anarudi nyumbani hawezi kumweleza baba yake alichosoma. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi katika Rwanda, na vitabu vya Kiswahili vitaandikwa. Itakuwa hasara kubwa tukifika na msamiati wetu wa kamusi, tifutifu na kichanga, tukaumwaga juu ya majina ya watu kama maji juu ya itogolo.

Tunawashauri walimu wenzetu, wawe Rusizi, Mwanza au kwingineko, wawatume wanafunzi kwa wazee wakulima wakiwa na daftari. Kwa kila jina la udongo waandike mambo matano: jina katika lugha ya pale, mahali pake katika mteremko, rangi yake ukiwa mkavu na ukiwa umelowa, miezi ambayo maji husimama, na zao linalokubali. Jina lisilo na mambo hayo manne mengine halitamsaidia mtunga kamusi wala bwana shamba. Neno mbuga lilidumu katika vitabu vya wataalamu kwa sababu waliolichukua waliandika pamoja nalo rangi, mahali na maji. Majina yatakayopatikana kwa njia hii tunaomba yaletwe katika kurasa hizi, hata yakiwa matatu tu kutoka kijiji kimoja.