Figo, pijama na mikono iliyoinuliwa

Kila msimu wa harusi tunasikia lalamiko lile lile kutoka kwa mama na mashangazi: bibi harusi amekalishwa chini, amepewa mawaidha marefu, ameitikia "ndiyo shangazi" kila baada ya sentensi, na mwezi haujaisha hakuna alichokishika. Watu wazima husema watoto wa siku hizi hawasikii. Sisi tunadhani jambo liko kwingine, na historia ya jambo hilo imepita jikoni kwa akina mama wa Marekani, kisha ikaingia kwenye kiwanda cha kushona. Ndiyo maana leo tunaileta hapa.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilihitaji nyama nyingi kwa ajili ya askari. Wakubwa walitaka raia wale moyo wa ng'ombe, figo na tezi laini, vitu vyenye lishe nzuri ambavyo akina mama wengi wa huko hawakutaka hata kuvishika. (Najua mnacheka, maana kwetu figo haifiki jioni.) Huko Washington kulikuwa na kamati ya mazoea ya chakula, na katibu wake alikuwa Margaret Mead, mtaalamu wa mila na desturi. Kazi ya kujaribu njia za kuwabadilisha watu ilimwangukia Kurt Lewin, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Iowa.

Lewin alizaliwa mwaka 1890 kwenye mji mdogo wa Mogilno, ambao leo uko Poland. Alikuwa Myahudi, akafundisha Berlin, na Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 akahamia Marekani. Alijaribu kumwokoa mama yake asifanikiwe, na Wanazi wakamuua. Kwa hiyo swali la nini humfanya mtu afuate wenzake, na nini humfanya aamue mwenyewe, halikuwa la darasani tu kwake.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba chakula hakifiki mezani chenyewe. Kinapita sokoni au bustanini, kinaingia kabatini, kinapikwa, na kwenye kila mlango kuna mtu anayeruhusu au kukataa. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mke. Basi ukitaka kubadili mlo wa nyumba, usihangaike na mume anayenung'unika mezani, zungumza na mwenye ufunguo.

Akachukua vikundi sita vya wanawake waliokuwa wakijitolea na Msalaba Mwekundu, kila kimoja kina watu kati ya 13 na 17. Vitatu vilipewa mhadhara mzuri. Mtaalamu aliwaeleza vitamini, madini na mahitaji ya vita, akawapa mapishi yaliyochapwa, akawasimulia jinsi alivyoipikia familia yake mwenyewe. Vikundi vingine vitatu vilipewa muda ule ule, dakika 45, lakini baada ya maneno machache wanawake waliachiwa wazungumze. Swali halikuwa "mtafanya?" bali "akina mama kama sisi wanazuiwa na nini?" Wakayatoa: mume hatakula, harufu itajaa nyumbani. Mapishi na ushauri vililetwa baada ya wao wenyewe kuvihitaji. Mwishoni waliulizwa nani atajaribu wiki ile, wakainua mikono mbele ya wenzao.

Baadaye wakafuatiliwa. Kwa waliosikiliza mhadhara, ni asilimia 3 tu waliopika nyama ambayo hawakuwahi kuipika kabla. Kwa waliozungumza na kuamua pamoja, asilimia 32.

Jaribio jingine linatugusa zaidi. Katika hospitali moja ya Iowa, mama waliojifungua mtoto wa kwanza walifundishwa kuwapa watoto maji ya machungwa na mafuta ya ini la samaki. Wengine walifundishwa mmoja mmoja na mtaalamu, kama dakika 25 kila mmoja. Wengine walikaa sita sita, na dakika 25 zile zile zikawatosha wote. Mtu angedhani aliyefundishwa peke yake atashika zaidi. Baada ya wiki nne, waliokaa kwa vikundi ndio waliokuwa wakitekeleza zaidi.

Wapo waliodhani siri ni mazungumzo. Mwaka 1955 Edith Bennett Pelz alichapisha uchunguzi wake akionyesha kuwa maongezi peke yake hayana nguvu hiyo. Kilichofanya kazi ni mtu kufikia uamuzi, na kuona kwamba wenzake wengi wameamua vivyo hivyo. Hapo ndipo sisi tunapowaambia masomo na makungwi: kumweka binti mmoja katikati ya wazee kumi wanaosema si kikundi. Mwiteni na wenzake wawili watatu wanaoolewa mwaka huo, muwaache waseme wanachokiogopa.

Sasa tuingie kiwandani, ambako sisi wa cherehani tuko nyumbani. Harwood ilikuwa kampuni ya kushona pijama, na mwaka 1939 ilifungua kiwanda huko Marion, Virginia. Mkuu wake, Alfred Marrow, alikuwa mwanasaikolojia pia, akamwita Lewin. Kilifika kuwa na wanawake kama 500 na wanaume 100, umri wa wastani miaka 23, malipo kwa kipande. Wakati wa vita wasimamizi hawakutaka kuajiri wanawake waliopita miaka 30, wakisema ni wazito. Hawakubishiwa. Waliambiwa wakusanye wenyewe hesabu za hasara wanayoletewa na hao wazee, na hesabu zikawaumbua: wanawake wale walifanya kazi sawa na wadogo au kuwashinda. Tulioko kwenye thelathini na kitu tuliisoma habari hii mara mbili.

Tatizo kubwa la Harwood lilikuwa mabadiliko. Kila mtindo ulipobadilika, mafundi hodari walishuka, wakakasirika, wakaacha kazi. Lester Coch na John French wakafanya jaribio. Kikundi kimoja cha wapiga pasi, waliozoea kupanga nusu dazeni ya pijama juu ya kadibodi, waliambiwa tu kwamba sasa watazipanga ndani ya boksi, na kiwango kipya ni hiki. Hawakurudi kwenye uniti 60 kwa saa walizotakiwa, waligombana na wakubwa, na asilimia 17 waliondoka ndani ya siku 40.

Vikundi vingine waliitwa kwanza. Kimojawapo kilionyeshwa nguo mbili zinazofanana, moja ya 1946 na nyingine ya 1947, ya kwanza ikiwa imeuzwa mara mbili ya bei ya pili. Wakaulizwa ipi ya bei nafuu, wakashindwa kuijua. Hapo wakaelewa kwa nini gharama lazima zipungue. Katika vikundi ambavyo kila mtu alishiriki kupanga njia mpya, mawazo yalimiminika hadi mwandishi akashindwa kuyafuata. Walirudi kwenye kiwango chao ndani ya siku mbili hivi, kisha wakakipita kwa kama asilimia 14, na hakuna aliyeondoka.

Tusidanganyane lakini. Hakuna kikundi kilichoulizwa kama mabadiliko yaje au yasije, na faida ya kwanza ilikwenda kwa mwenye kiwanda. Mwajiri anayeitisha kikao huku ameshaamua kila kitu mfukoni hatafika mbali, mafundi si watoto.

Lewin hakuuona uchunguzi huu ukichapishwa. Alifariki Februari 1947, na Coch na French wakautoa mwaka 1948. Ndani yake wameandika pia habari ya wale wapiga pasi wa mwanzo. Baada ya miezi miwili na nusu walikuwa wamebaki 13, wametawanywa kwenye kazi mbalimbali. Wakakusanywa tena, wakapewa kazi nyingine mpya, safari hii kwa kushirikishwa wote. Wanawake wale wale walioitwa wakaidi waliipata kasi yao haraka, wakaivuka.